Masikio Kuziba kwa Watumiaji wa Mashine ya Kupumulia Usingizini: Chanzo, Tahadhari na Hatua za Kuchukua

Mgonjwa anayetumia mashine ya kupumulia usingizini akianza kuhisi masikio yameziba, yanauma au yanavuma, anapaswa kumwona mtaalamu ili mashine irekebishwe, badala ya kuizima na kuiweka kando. Tatizo hilo huwapata baadhi ya watumiaji, na mara nyingi si la hatari na lina ufumbuzi. Kuacha tiba, kwa upande mwingine, humrudisha mgonjwa kwenye ugonjwa unaoweza kugharimu maisha yake na ya watu wengine.

Ugonjwa wa kukatika kwa pumzi usingizini hutokea pale misuli ya koo inapolegea mtu akiwa amelala na njia ya hewa ikaziba. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, kisha mgonjwa hushtuka na kuvuta hewa kwa nguvu, mara nyingi bila kujua. Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa wa kiwango kikali. Dalili zake ni kukoroma kwa sauti kubwa, kukabwa usingizini, kuamka kichwa kikiuma na kusinzia mchana.

Ugonjwa huo usipotibiwa huambatana na shinikizo la juu la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Huambatana pia na ajali za barabarani, jambo lenye uzito wa pekee katika Mkoa wa Singida, ambako hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Manyoni na Singida kuelekea Nzega. Barabara hiyo hutumiwa usiku na mchana na mabasi pamoja na malori yanayokwenda Kanda ya Ziwa, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dereva anayeacha mashine yake kwa sababu ya maumivu ya sikio anaweza kusinzia akiwa kwenye usukani.

Namna mashine inavyofanya kazi

Mashine hiyo, ambayo wengi huijua kwa kifupi CPAP, haifanani na ile ya vyumba vya wagonjwa mahututi inayompumulia mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe. Matumizi yake kwa ugonjwa huu yalielezwa mwaka 1981 na Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia. Ni kisanduku kidogo chenye feni inayosukuma hewa ya kawaida ya chumbani kupitia mpira hadi kwenye barakoa inayofunika pua, au pua na mdomo. Msukumo wa hewa hiyo huzuia njia ya hewa isijifunge.

Mgandamizo wa hewa hupimwa kwa sentimita za maji, na kwa kawaida mashine hupangwa kati ya 4 na 20. Kiwango cha kila mgonjwa huwekwa na mtaalamu kulingana na vipimo vyake.

Kwa nini masikio huziba

Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa kiitwacho sikio la kati. Chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba unaofunguka mtu anapomeza mate au kupiga miayo. Kazi ya mrija huo ni kusawazisha mgandamizo wa hewa ya ndani na ya nje.

Abiria anayepanda mlima wa Sekenke wilayani Iramba, akitokea bonde la Wembere, huifahamu hali hiyo. Gari linapopanda, mgandamizo wa hewa ya nje hupungua, kiwambo husukumwa kwa nje na sikio huhisi kujaa. Abiria akimeza mate, hewa iliyozidi hutoka na sikio huzibuka. Kwa mtumiaji wa mashine, hewa yenye mgandamizo hupanda kutoka nyuma ya pua na kuingia katika sikio la kati. Mgandamizo wa sentimita 10 za maji unalingana na tofauti ya kupanda mwinuko wa takriban mita 100. Tofauti ni kwamba abiria hupata nafuu mara anapomeza mate, ilhali mashine huendelea kusukuma hewa usiku kucha.

Tatizo huongezeka mrija unapovimba kwa mafua, mzio au maambukizi ya pua. Singida ni mkoa wa nusu ukame, na kiangazi chake kirefu huwa na upepo mkavu na vumbi vinavyoweza kukausha na kuwasha pua. Mtu ambaye kiwambo chake kimetoboka, pengine kwa ugonjwa wa sikio wa utotoni, anaweza kusikia hewa ikitoka sikioni mashine inapofanya kazi. Mtu huyo anapaswa kumweleza mtaalamu hali hiyo kabla ya kuendelea na tiba.

Si kila maumivu hutoka ndani ya sikio. Mikanda ya barakoa iliyokazwa kupita kiasi hubana na kuchubua ngozi ya sikio la nje, na ufumbuzi wake ni kulegeza mikanda au kubadilisha barakoa.

Hatua za kuchukua

Asubuhi baada ya kuvua barakoa, mgonjwa anashauriwa kumeza mate au maji, kupiga miayo au kutafuna. Kwa watu wengi masikio huzibuka baada ya muda mfupi. Aandike siku tatizo lilipoanza, sikio linalohusika, na iwapo ana mafua, kwa kuwa taarifa hizo humsaidia mtaalamu.

Mtaalamu anaweza kupunguza mgandamizo kwa kiwango ambacho bado kinatibu ugonjwa, kuiweka mashine ianze kwa msukumo mdogo na kuupandisha taratibu, au kubadilisha aina ya mashine au barakoa. Anaweza pia kutibu pua kwa maji ya chumvi yaliyotayarishwa kitabibu au kwa dawa ya kupuliza. Dawa za dukani za kuzibua pua hazipaswi kutumika zaidi ya siku chache mfululizo, kwani zikizidi huifanya pua kuziba zaidi.

Mashine nyingi zina chombo cha kuongeza unyevu katika hewa, nacho husaidia pua isikauke. Chombo hicho huwekwa maji yaliyokenekwa, hubadilishwa maji kila siku na husafishwa mara kwa mara pamoja na barakoa na mpira. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani yake. Maji ya betri ya gari hayapaswi kutumika kamwe.

Mambo ya kuepuka

Mgonjwa asibadilishe mwenyewe kiwango cha mgandamizo wala kutumia mashine iliyopangwa kwa ajili ya mtu mwingine. Asimimine mafuta wala dawa za kienyeji sikioni, na asiingize kijiti au pamba. Asipenge kamasi kwa nguvu huku ameziba pua zote mbili.

Dalili zinazohitaji huduma ya haraka

Mgonjwa anapaswa kwenda hospitali bila kusubiri iwapo usikivu umepungua ghafla, sikio linatoa damu au usaha, maumivu ni makali au yana homa, au anapata kizunguzungu kikali. Usikivu unapopotea ghafla, matibabu huwa na nafasi kubwa zaidi ya kusaidia yakianza ndani ya siku chache za mwanzo.

Mahali pa kupata huduma

Mwananchi anaweza kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako sikio huchunguzwa na mgonjwa kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Inapohitajika, rufaa huendelea hadi ngazi za juu, ikiwemo Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma na Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Mgonjwa aende na mashine yake, barakoa na nyaraka za vipimo vyake, kwa kuwa mtaalamu hawezi kurekebisha kifaa asichokiona.

Endapo mgonjwa atalazimika kusitisha matumizi kwa siku chache kutokana na maambukizi ya sikio, uamuzi huo ufanywe na daktari, na siku ya kurejea kwenye mashine ipangwe hapohapo. Katika kipindi hicho mgonjwa aepuke kulalia mgongo, pombe na dawa za usingizi. Dereva na mwendesha mitambo wanapaswa kumweleza daktari kazi wanayofanya, na wasishike usukani wanapohisi usingizi.