Historia ya Kamba ya Kiatu

Neno la Kiingereza "lace", ambalo mwanafunzi hukutana nalo mapema anapojifunza kutaja mavazi, ni neno dogo lenye ukoo mrefu. Asili yake ni neno la Kilatini "laqueus", yaani tanzi. Lilipitia Kifaransa cha kale, likaingia Uingereza na maana ya kamba ya kufungia. Na katika karne ya 16 likaanza kutumika pia kwa kitambaa chembamba kilichosukwa matundu-matundu.

Kiswahili hakikulipokea neno hilo bila kuchagua. Kilitwaa "lesi" kwa ajili ya kitambaa, lakini katika Kiswahili sanifu kamba ya kiatu ikabaki kamba. Viatu vya Kizungu vilituletea "buti", "soksi" na "raba". Jina la kamba havikutuletea, kwani tulikuwa nalo. Tena watu wa pwani walivaa makubadhi tangu zamani, na ule ukanda mdogo upitao baina ya vidole vya mguu waliuita gidamu.

Jambo hili lina uzito wa pekee mpakani, Busia na Tororo. Mwaka 1902 Uingereza iliutoa Mkoa wa Mashariki wa Uganda ya wakati huo na kuutia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakawa huku na huku. Kiatu kile kile cha mpira wa gurudumu huitwa akala upande wa Kenya, na lugabire upande wa Uganda. Kenya ilikifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani mwaka 1985. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima mwaka 2022. Hivyo mtoto wa Tororo aweza kukijia Kiswahili kwa mlango wa Kiingereza. Akigeuza "lace" kuwa "lesi" katika soko la Busia, ataonyeshwa kitambaa cha gauni, na kiatu chake kitabaki wazi.

Yafaa basi, walimu wenzetu, tufundishe neno pamoja na kitu chenyewe. Tushike kiatu mkononi, tutaje kamba. Tushike kandambili, tutaje gidamu. Neno lisilotajwa darasani hufa hata kama kitu chake kingali miguuni mwetu.