Kombe la Dunia la wabinti U-17 na U-20: njia inapita wapi, na sisi wa Uvira tuko wapi?

Ziwa Tanganyika linagusa nchi nne: Congo yetu, Burundi, Tanzania na Zambia. Kati ya hizo nne, ya kwanza kupeleka wabinti kwenye Kombe la Dunia la vijana ilikuwa Congo. Ilikuwa mwaka 2006, kule Urusi. Wengi wa Uvira, Baraka na Sange hawalijui hilo, na hawana kosa, kwa sababu baada ya 2008 jina la RDC halikuonekana tena kwenye orodha ya waliofuzu, hadi kombe la U-20 la 2024. Majirani, wao, wamesonga mbele.

Hapa tunaeleza namna mashindano hayo yanavyokwenda, namna nchi inavyofuzu, na mambo ambayo mzazi au kocha wa mtaani anaweza kuyatengeneza mapema.

Mashindano ni mawili

La kwanza ni la wabinti wa chini ya miaka 20, yaani U-20. FIFA ililianzisha 2002 kule Canada, wakati huo likiwa la chini ya miaka 19, na kuanzia 2006 likawa la U-20. La pili ni la U-17, lililoanza 2008 kule New Zealand.

Kwa miaka mingi kila kombe lilikuwa na timu 16. Afrika ilipata nafasi 2 tu kwa U-20 na nafasi 3 kwa U-17. Sasa mlango umepanuka. U-20 ilifika timu 24 mwaka 2024 kule Colombia, na Afrika ikapeleka 4: Cameroon, Ghana, Morocco na Nigeria. U-17 nayo ilifika timu 24 mwaka 2025 kule Morocco, na Afrika ilikuwa na timu 5, Morocco mwenyewe akiwa ndani kama mwenyeji.

Kuna badiliko lingine kubwa zaidi. U-17 ilikuwa inachezwa kila miaka miwili. Tangu 2025 ni kila mwaka, na Morocco ndiyo mwenyeji hadi 2029. U-20 imebaki kila miaka miwili, na ya 2026 imepangwa Poland.

Mchujo wa Afrika unaendaje

Mechi za mchujo, zile wengi wetu tunaita éliminatoires, zinaongozwa na CAF. Hakuna makundi. Ni mtoano: nchi mbili zinakutana mara mbili, moja nyumbani na moja ugenini, mabao yanajumlishwa, anayeshindwa anarudi nyumbani. Mshindi anaingia raundi inayofuata. Wanaoshinda raundi ya mwisho ndio wanapanda ndege ya Kombe la Dunia. Hakuna fainali ya bara inayotoa bingwa mmoja.

Mfano ni Tanzania ya 2022. Katika raundi ya mwisho ya U-17 wabinti wao, Serengeti Girls, waliifunga Cameroon 4-1 ugenini, kisha 1-0 Zanzibar. Jumla 5-1, wakaenda India.

Kwa mtindo huu, mechi mbili tu zinaweza kumaliza kazi ya miaka miwili. Na kuna mambo ya nje ya kiwanja yanayoamua pia: shirikisho lazima liandikishe timu kwa wakati, liwe na uwanja uliokubaliwa na CAF, na lilipe safari. Nchi isiyo na uwanja uliokubaliwa inacheza mechi yake ya "nyumbani" kwa watu. Nchi isiyosafiri, mpinzani anapita bila jasho.

Majirani wa ziwa wamefika wapi

Zambia ilicheza Kombe la Dunia la U-17 mwaka 2014 kule Costa Rica. Ndani ya kikosi kile alikuwamo Barbra Banda. Ni yule yule aliyefunga mabao matatu katika mechi moja mara mbili kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, akacheza Orlando Pride ya Marekani, na CAF ikamtangaza mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2024. Zambia ilirudi kwenye U-17 mwaka 2024 na 2025.

Tanzania, kule India 2022, ilipigwa 4-0 na Japani katika mechi ya kwanza. Watu wakasema basi, wamekwisha. Mechi ya pili wakaifunga Ufaransa 2-1, ya tatu wakatoka 1-1 na Canada, wakaingia robo fainali, na hapo Colombia ikawatoa kwa 3-0.

Burundi haijafika Kombe la Dunia la vijana, lakini kwa mashindano ya 2024 ilibakiza hatua moja, tena mara mbili. Kwa U-20 ilifika raundi ya mwisho na kutolewa na Nigeria. Kwa U-17 ilifika raundi ya mwisho na kutolewa na Kenya kwa jumla ya mabao 5-0. Mechi ya "nyumbani" ya Burundi dhidi ya Kenya ilichezwa Addis Ababa, Ethiopia. Bujumbura ni kama kilomita 30 kutoka Uvira, na wabinti wa pale walisafiri hadi nchi nyingine ili wacheze kwao.

Na RDC je?

Mwaka 2006 Afrika iliwakilishwa na Nigeria na RDC. Wabinti wetu waliangukia kundi gumu: Marekani, Ufaransa na Argentina. Mwaka 2008 kule Chile walirudi tena, na kundi halikuwa jepesi hata kidogo: Ujerumani, Japani na Canada. Mara zote mbili hawakupita makundi. Lakini walikuwepo, na wakati huo Afrika ilikuwa na nafasi mbili tu. Leo nafasi ni mara mbili ya zile.

Kombe la Dunia la U-17, RDC haijawahi kulicheza, hata lile la 2025.

Katika mchujo wa U-17 wa 2024, RDC ilipangwa na Kenya kwenye raundi ya pili. RDC ilijiondoa, Kenya ikapita bila kucheza. Kenya hiyo hiyo ikaitoa Ethiopia, ikaitoa Burundi, ikaenda Jamhuri ya Dominika, na kule ikaifunga Mexico 2-1. Ilikuwa timu ya kwanza ya football ya Kenya kucheza Kombe la Dunia lolote.

Hatusemi kwamba wabinti wetu wangeifunga Kenya. Pengine wangefungwa. Lakini timu inayofungwa inarudi na kitu: dakika 180 miguuni, kocha anajua wapi pamepungua, na wachezaji wamejulikana. Timu isiyocheza hairudi na chochote.

Tena si kwamba nchi haina wachezaji. Timu ya wanawake ya TP Mazembe ya Lubumbashi ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya CAF mwaka 2024 huko Morocco, kwa kuifunga AS FAR 1-0 katika fainali. Na huko nyuma, mwaka 1998, timu kubwa ya wanawake ya RDC ilishika nafasi ya tatu Afrika. Kinachokosekana ni daraja kati ya mtoto wa miaka 14 na timu kubwa. Mashindano ya U-17 na U-20 ndiyo daraja lenyewe.

Umri: mlango unaofungwa tarehe 1 Januari

Hesabu ni rahisi. Chukua mwaka wa kombe, toa 17 au 20. Mchezaji awe amezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari ya mwaka unaopatikana.

– U-17 ya 2026: waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009
– U-17 ya 2027: kuanzia 1 Januari 2010
– U-17 ya 2028: kuanzia 1 Januari 2011
– U-20 ya 2026: kuanzia 1 Januari 2006
– U-20 ya 2028: kuanzia 1 Januari 2008

Aliyezaliwa 31 Desemba 2008 hachezi U-17 ya 2026, hata kama amepungukiwa siku moja tu. Na tazama yule binti aliyezaliwa 2007. Mwaka 2024 alikuwa na ruhusa ya U-17. Mwaka 2025 tayari amepita umri. Kwake yeye, kujiondoa kwa 2024 hakukuwa kuahirisha. Nafasi hiyo ilikwenda moja kwa moja, akabaki kusubiri U-20.

Mtu asisahau pia kwamba mchujo huanza miezi mingi kabla ya kombe lenyewe. Anayeanza kutafuta karatasi siku timu inapoitwa, amechelewa.

Karatasi ni mchezaji wa kumi na mbili

Hapa ndipo wabinti wengi wa kwetu wanapoangukia. Bila cheti cha kuzaliwa, acte de naissance, hakuna namna ya kuonyesha umri. Bila umri hakuna leseni safi, na bila hiyo hakuna pasipoti.

Kwa sheria yetu, mtoto anaandikishwa bure kwenye ofisi ya état civil ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Muda huo ukipita, lazima kupitia tribunal kupata jugement supplétif, ndipo état civil iandike cheti. Hiyo inachukua muda, na mara nyingi pesa. Kwa familia zilizokimbia vita, karatasi zilizobaki nyumbani au kuungua ni shida ya kila siku.

Na jambo lingine tuliseme wazi: usipunguze miaka ya mtoto. Majina na tarehe kwenye cheti, bulletin ya shule, leseni na pasipoti lazima yafanane. Yakipishana, mtoto ndiye anayetolewa kwenye orodha, na nchi yake inaweza kuadhibiwa.

Kutoka kiwanja cha kartye hadi Kinshasa

Ngazi ziko hivi: timu ya mtaa au ya shule, halafu entente ya mji au territoire, halafu ligue ya mkoa, halafu FECOFA, shirikisho la taifa. Kocha wa taifa anachagua anaowaona. Binti wa Uvira aonekane vipi? Kutoka hapa hakuna barabara ya kufika Kinshasa. Barabara ya Bukavu kupitia Kamanyola imekatwa na vita mara nyingi, Bukavu yenyewe ilitekwa Februari 2025, na ndege ya karibu iko Bujumbura, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira. Mpaka ukifungwa, hata hiyo haipo.

Kwa hiyo kazi ya hapa ni kuhakikisha binti ameandikwa: ana leseni, jina lake liko kwenye karatasi za mechi za entente, na kuna video fupi ya mechi nzima, hata ya simu, si mabao peke yake.

Kwa wazazi

Wito wa timu ya taifa unapitia shirikisho na kilabu, kwa barua. Haupitii mtu binafsi anayepiga simu akiomba dola za "dosye" au "viza". Mtu akitaka kuondoka na binti wako kwenda "test" nje ya nchi, uliza kwanza kwenye kilabu na kwenye entente, na usitoe cheti cha asili, toa kopi. Mtoto chini ya miaka 18 hasafiri bila idhini ya mzazi au mlezi.

Na shule iendelee. Katika kila kikosi cha taifa wanaingia wabinti ishirini na kitu tu, na wote wengine watahitaji diploma.