Mashua ya tanga, mashine ya ziwani: kwa nini propela yako inakula petroli

Kipindi hiki cha maleleji, kabla upepo wa kusi haujashika, ndipo wengi mnapandisha vyombo mchangani, mnatia kalafati na kubadilisha mashine. Swali ninaloulizwa kila siku ni moja: "Bwana Samaki, ninunue HP ngapi?" Hakuna anayeniuliza propela gani, wala mashine ikae juu kiasi gani. Na mimi mwenyewe kuna wakati sikuuliza, nikamtia mwenzenu hasara. Nitafika huko, ila kwanza turudi nyuma kidogo.

Chombo chako kina historia ndefu kuliko mashine yako. Kitabu cha wafanyabiashara wa Kigiriki cha karne ya 1 BK kinataja bandari ya Rhapta katika pwani yetu hii, na jina lenyewe linatokana na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Mitepe ilishonwa hivyo hivyo mpaka karibu na zama za babu zetu. Dau na mashua za misumari zikaja kushika nafasi, lakini kazi ilibaki ile ile: kubeba mzigo kwa upepo wa kaskazi na kusi. Chombo cha tanga hutakiwa kiwe kizito ili kisipinduke, mkuku ushuke chini ili kisisukumwe upande, na tezi ibane ili maji yaachane taratibu. Hakikuundwa kuruka juu ya maji.

Mashine nayo ina kwao. Mwaka 1909 Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, alianza kuuza mashine ya kupachika nyuma ya boti. Aliikusudia kwa kiboti cha makasia, chepesi, cha kwenye ziwa tulivu. Yamaha wakatoa ya kwao ya kwanza mwaka 1960. Tangu hapo zimekuwa imara na nyingine zimetengenezwa mahususi kwa wavuvi kama ninyi, lakini propela inayokuja na mashine mpya mara nyingi bado inamfikiria mtu mwenye boti nyepesi ya kukimbia. Wewe unaifunga kwenye mashua ya mbao yenye barafu, nyavu na watu wanane.

Mmoja wa waanzilishi wa propela alikuwa mfugaji. Francis Pettit Smith alikuwa akifuga huko Hendon, karibu na London, na modeli yake aliijaribu kwenye bwawa la shambani. Alipata hataza mwaka 1836. Kisha aliijaribu boti yenyewe kwenye mfereji wa Paddington, ikiwa na skrubu ya mbao yenye mizunguko miwili kamili. Ikagonga kitu, nusu ya skrubu ikakatika. Badala ya kusimama, boti ikaongeza mwendo! Smith hakuona haya; akaibadilisha ifuate ile iliyovunjika. Mpaka leo propela haichaguliwi kwa macho. Inachaguliwa kwa kujaribiwa majini.

Sasa tazama namba zilizogongwa kwenye propela yako, kwa mfano 11 x 13. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao ingesonga kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu ndani ya ubao. Tupige hesabu. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, na gia zake zikipunguza nusu, propela inazunguka 2,500. Hatua ya inchi 13 ni karibu sentimita 33. Zidisha: karibu kilometa 50 kwa saa. Lakini mashua nzito yenye mita 7 kwenye mstari wa maji hufika kama kilometa 12 kwa saa, kisha inaanza kupanda wimbi lake yenyewe. Zaidi ya hapo petroli inakwenda kuchimba maji nyuma ya tezi.

Hilo ndilo lililonikuta na yule mwenzenu, upande wa Pangani. Alikuwa na HP 15, akalalamika mashua haiendi. Nikamwambia apande hadi HP 40, wala sikuangalia propela. Alipojaza mzigo na kufungua mafuta yote, mashine ikawa inanguruma kwa uzito, moshi mweusi, plagi zinaziba kila baada ya siku chache. Mwendo haukuongezeka wa kutaja. Mnajua utaratibu wa mgao: petroli hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho wanachogawana mwenye chombo na mabaharia. Wiki ya tatu mabaharia wawili wakahamia chombo kingine. Nilipoazima kipima mizunguko nikakuta 3,900, wakati kitabu cha mashine kinataka 4,500 hadi 5,500. Tukashusha hatua kutoka 13 hadi 9, kipenyo tukaacha kikubwa kadiri kilivyoenea chini ya bamba. Ikafika 4,700. Kwa kawaida kila inchi ya hatua hubadilisha mizunguko kama 200. Moshi ukakoma, na dumu likaanza kurudi na kitu ndani. Lakini ile HP 40 hakuihitaji, na fedha yake haikurudi. Propela peke yake kwenye ile HP 15 ingetosha.

Kimo nacho kina kisa chake hapa hapa Tanga. Aprili 1498 merikebu São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilikwama kwenye mafungu karibu na Mtangata, ndiyo Tongoni ya leo, mahali ambapo vyombo vya wenyeji vilipita kila siku. Ilinasuka maji yalipojaa. Januari 1499, wakirudi na mabaharia pungufu, waliichoma moto hapo hapo. Maji yetu yana miamba, na yakitoka yanatoka kweli. Mashine iliyofungwa chini kupita kiasi inaburuza mguu, inarusha maji na kugonga mwamba wa kwanza. Ikiwa juu mno, propela inakula hewa: mashine inapiga kelele, chombo hakisogei, na maji ya kupoza yanaweza kukatika.

Angalia lile bamba bapa lililo juu tu ya propela. Liwe sawa na sehemu ya chini ya chombo hapo tezi, au lishuke sentimita 2 hadi 3. Mguu mfupi unataka ubao wa tezi wa kama sentimita 38, mrefu sentimita 51. Pima kabla ya kununua. Ubao ukipungua, ongeza kipande cha mbao ngumu kwa bolti, si misumari. Mkuku mnene unaopita mpaka nyuma huipa propela maji yenye mapovu, kwa hiyo mwombe fundi auchonge wembamba mwishoni, au shusha mashine kidogo zaidi.

Jaribio lifanyike chombo kikiwa na mzigo, si kitupu. Ukija ofisini njoo na namba za propela, urefu wa chombo na kimo cha ubao wa tezi. Kipima mizunguko ninacho, twende wote majini.