Padri, Mchungaji, Rabi na Muuza Sabuni

Mwaka 1952 kampuni ya sigara ya Philip Morris ilipata habari ambayo haikuifurahia. Lucille Ball, nyota wa I Love Lucy, kipindi cha vichekesho ambacho kampuni hiyo ilikidhamini kwenye CBS, alikuwa mjamzito. Mumewe Desi Arnaz, Mcuba aliyeigiza pia kama mumewe kwenye kipindi, alitaka ujauzito huo uingizwe kwenye hadithi. Wakubwa wa televisheni na wa matangazo wakashtuka. Mwanamke mwenye tumbo, sebuleni mwa watu, mbele ya watoto? Wakashauri awe anasimama nyuma ya viti na makochi mpaka ajifungue.

Hofu hiyo leo inachekesha. Hawa walikuwa mke na mume kwenye hadithi, na mke na mume nyumbani kwao. Bado chumba chao cha kulala cha studioni kilikuwa na vitanda viwili vya mtu mmoja mmoja, kana kwamba mtoto angeletwa na tarishi.

Arnaz akamwandikia barua mwenyekiti wa Philip Morris, Alfred Lyons. Katika kumbukumbu alizochapisha baadaye, anasimulia kwamba Lyons aliwaagiza watu wake kwa lugha kali wasimsumbue tena yule Mcuba. Ruhusa ikatoka, kwa masharti. Waigizaji wasitamke waziwazi kwamba Lucy ana mimba, waseme tu kwamba anatarajia. Na kila muswada upitiwe kwanza na watu watatu: padri wa Kikatoliki, mchungaji wa Kiprotestanti na rabi wa Kiyahudi. Watatu hao wakasoma, na hawakuona cha kufuta. Kwa dini zao zote, mke wa ndoa kupata mtoto ni baraka. Walioona haya ni wauza sigara.

Tarehe 19 Januari 1953 Lucy alijifungua kwenye televisheni, siku ileile ambayo Lucille Ball alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Walitazama watu wapatao milioni 44. Kesho yake Jenerali Eisenhower aliapishwa kuwa Rais, na sherehe zake zikatazamwa na watu wapatao milioni 29. Philip Morris hawakusikika tena wakilalamikia maadili. Tena Lucy hakuwa hata wa kwanza: miaka minne kabla yake Mary Kay and Johnny, kipindi kingine cha mke na mume, kilikuwa kimeonyesha ujauzito na mtoto aliyezaliwa. Ila kilitazamwa na wachache, na pasipo watazamaji wengi hapana mdhamini wa kutetemeka.

Kisa cha dini, ngono na televisheni ya Marekani husimuliwa kama ugomvi wa kanisa na Hollywood. Nikiifuata historia yenyewe naona kuna mtu wa tatu anayeachwa nje ya simulizi, naye ndiye aliyekuwa na usemi kuliko wote wawili: anayelipa.

Kanuni zilikuwapo. Desemba 1951 chama cha watangazaji kilipitisha Kanuni za Televisheni, na Machi 1952 zikaanza kutumika. Kituo kilichozikubali kilionyesha nembo ya utendaji mwema mwanzoni au mwishoni mwa matangazo yake. Ziliiga kanuni za filamu za mwaka 1930, ambazo rasimu yake iliandikwa na mtu wa kanisa hasa, Mjesuiti Daniel Lord. Jina la Mungu litajwe kwa heshima. Talaka isichukuliwe kwa wepesi, wala isioneshwe kuwa ndiyo dawa ya matatizo ya ndoa. Zinaa isisifiwe. Viongozi wa dini wasifanyiwe dhihaka. Mwaka 1970 waandishi walipotaka mhusika mkuu wa kipindi cha Mary Tyler Moore awe mwanamke aliyeachika, CBS ilikataa. Wakampa uchumba uliovunjika.

Kanuni hizo zilikufa mwaka 1983, na si ngono iliyoziua. Wizara ya Sheria ilikuwa imeshitaki kwamba vipengele vyake vya kuwekea mipaka muda wa matangazo vinavunja sheria za ushindani wa biashara. Mahakama ilipoikubalia serikali katika sehemu ya madai hayo, chama kikaona kheri kiachane na kitabu chote. Ibara za zinaa na za heshima kwa jina la Mungu zikazikwa pamoja na ibara za dakika za matangazo.

Wakati huohuo dini ilikuwa na nyota wake. Askofu Fulton Sheen, katika joho lake na ubao wa chaki nyuma yake, alianza Life Is Worth Living mwaka 1952 kwenye mtandao wa DuMont, akashindanishwa na mchekeshaji mkubwa wa siku hizo, Milton Berle. Alipopewa tuzo ya Emmy aliwashukuru waandishi wake wanne: Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Mdhamini wake alikuwa Admiral, kampuni iliyouza televisheni zenyewe.

Ukimya ulivunjika Novemba 1972. Norman Lear, aliyekwisha kuwazoesha Wamarekani matusi ya Archie Bunker katika All in the Family, alitoa vipindi viwili vya Maude ambamo mama wa miaka 47, mwenye mume na binti mtu mzima, anagundua kuwa ana mimba. Baada ya kujadiliana na mumewe anaamua kuitoa. Hadithi iliwekwa jimbo la New York, ambako sheria ilikuwa imeruhusu jambo hilo tangu 1970. Aliyeiandika ni Susan Harris. Lishike jina hilo, tutakutana naye tena.

Vituo viwili vya Illinois vilikataa kuirusha, na barua za hasira zikamiminika CBS. Lakini dhoruba yenyewe ilikuja Agosti 1973, vipindi vilipotakiwa kurudiwa. Januari ya mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imetoa hukumu ya Roe dhidi ya Wade, iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima, na kile kilichokuwa kichekesho kichungu sasa kilionekana kama bendera ya upande mmoja. Maaskofu wa Kikatoliki walihimiza vituo visiirushe. Karibu vituo 40 vikatii, na wadhamini wakubwa wakajiondoa. Hadithi ilikuwa ileile, haijabadilika hata neno. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waumini walikuwa wamejipanga, na wauzaji wa bidhaa wakawaona.

Serikali nayo ilijaribu bahati yake. Mwaka 1975, kwa msukumo wa Richard Wiley, mwenyekiti wa tume ya mawasiliano, mitandao mikubwa ilitenga saa za mapema jioni ziwe za familia. Wazo hilo msomaji wa Kenya atalitambua: kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano huko zinataka maudhui ya watu wazima yasirushwe kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku. Marekani mpango huo haukudumu. Waandishi na watayarishaji, Lear akiwamo, walikwenda mahakamani, na mwaka 1976 Jaji Warren Ferguson akaamua kwamba tume ilikuwa imeingilia uhuru wa kusema.

Basi mlango wa serikali ukafungwa. Aliyeuona mlango mwingine alikuwa mchungaji wa Kimethodisti wa Southaven, Mississippi, aitwaye Donald Wildmon. Alivyosimulia mwenyewe, jioni moja mwishoni mwa 1976 alikaa na familia yake kutazama televisheni: stesheni hii uzinzi, ile matusi, ile nyingine mtu anapigwa. Mapema mwaka 1977 akawaomba waumini wake wazime televisheni kwa wiki nzima, na magazeti ya nchi yakaipenda habari hiyo. Wiki ikapita, watu wakawasha tena. Wildmon hakuwa mjinga. Alielewa kwamba kumhubiria mtayarishaji wa Hollywood ni kazi bure, na kwamba kumlaumu mtazamaji hakufiki mbali. Akaanza kuandika orodha ya nani anatangaza bidhaa gani katikati ya kipindi gani.

Mwaka 1978 watu wake walisimama na mabango nje ya maduka ya Sears. Sears ikaondoa matangazo yake kwenye Three's Company na Charlie's Angels. Hapakuwa na sheria mpya wala hukumu ya mahakama.

Susan Harris naye alikuwa amerudi. Septemba 1977 ABC ilianza kurusha Soap, kichekesho chake kilichodhihaki tamthilia za mchana: wake wasio waaminifu, kijana shoga, padri anayetamaniwa. Kabla hata ya kipindi cha kwanza barua zaidi ya 30,000 zilikuwa zimefika ABC, nyingi kutoka kwa watu waliosoma gazetini kwamba padri angetongozwa kanisani. Hawakuwa wamekiona kipindi, nao hawakuona kama hiyo ni sababu ya kunyamaza.

Kilele kilifika 1981. Wildmon, akiwa na mhubiri Jerry Falwell wa Moral Majority, kundi la Wakristo wahafidhina, alitangaza kwamba muungano wao ungesusia bidhaa za watakaodhamini vipindi vichafu. Juni mwaka huo Owen Butler, mwenyekiti wa Procter & Gamble, mtangazaji mkubwa kuliko wote kwenye televisheni ya Marekani, aliwaambia watu wa tasnia mjini Los Angeles kwamba kampuni yake ilikuwa imejitoa kwenye vipindi na filamu 50. Mgomo ukasitishwa kabla haujaanza. Kampuni hiyohiyo ya sabuni, mchana, iliendelea kumiliki na kulipia tamthilia zake yenyewe, As the World Turns na Guiding Light, ambazo bila uzinzi zisingekuwa na la kusimulia kufikia Ijumaa. Sijaona popote kwamba hilo lilimkosesha mtu usingizi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Aprili 1997 mhusika mkuu wa kichekesho cha Ellen alipotangaza kuwa ni msagaji, kipindi kilitazamwa na watu wapatao milioni 42, baadhi ya kampuni kubwa zikakataa kutangaza, na kituo cha ABC cha Birmingham, Alabama, kikakataa kukirusha. Mwaka mmoja kabla, Aaron Spelling, mtayarishaji yuleyule wa Charlie's Angels, alikuwa ameanzisha 7th Heaven, tamthilia ya mchungaji, mkewe na watoto wao. Ilidumu misimu 11. CBS ilikuwa na malaika wake katika Touched by an Angel. Kumbe uchaji nao ulikuwa unauza dawa ya meno.

Televisheni ya malipo ndiyo iliyomvua muuza sabuni mamlaka yake. HBO, na baadaye Netflix, zililipwa na mtazamaji mwenyewe, na mabango nje ya Sears hayakuwa na maana tena. Waumini wakaielewa hesabu hiyo pia. The Chosen, tamthilia ya maisha ya Yesu iliyoanza kutoka mwaka 2019, ilichangiwa na watazamaji zaidi ya dola milioni 10 kwa ajili ya msimu wake wa kwanza. Hapakuwa na mtandao mkubwa wala kampuni ya sigara nyuma yake.

Mwaka 2023, katika picha za nyuma ya pazia za tamthilia hiyo, ilionekana bendera ndogo ya upinde wa mvua, alama ya mashoga na wasagaji, iliyobandikwa kwenye kamera na mmoja wa wafanyakazi. Wako waliotangaza kuwa hawataitazama tena, na safari hii hawakuhitaji kumwandikia mdhamini. Watayarishaji wakajibu kwamba hawachunguzi imani za watu wanaowaajiri, wakaendelea kupiga picha. Februari 2024 msimu wa nne ulianza kuoneshwa kwenye majumba ya sinema, kwa tiketi.