Tovuti ya biashara: Hakikisha ufunguo uko mikononi mwako

MFANYABIASHARA anayefungua duka anajua vyema kwamba mkataba wa kukodi chumba, leseni na ufunguo wa mlango sharti viwe mikononi mwake. Hata hivyo, mfanyabiashara huyo huyo anapotaka tovuti, aghalabu humwachia mtayarishaji kila kitu: jina, nywila na hata stakabadhi za malipo. Siku wanapokosana, au mtayarishaji anapopata kazi kwingine na kuacha kupokea simu, ndipo anapotambua kuwa duka alilodhani ni lake limesajiliwa kwa jina la mtu mwingine.

Hasara yake si ndogo. Tovuti inapozimika, anwani za barua pepe zinazotumia jina lile lile huweza kukatika pia. Kadi, mabango na maandishi yaliyochorwa kwenye magari hubaki yakiwaelekeza wateja mahali pasipokuwepo. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na tovuti ni mali.

Sehemu tatu za tovuti

Ili kujikinga, ni muhimu mwenye biashara aelewe kwamba tovuti ina sehemu tatu, na kila moja hulipiwa na kumilikiwa kivyake.

Ya kwanza ni jina, yaani anwani ambayo mteja huandika ili kuifikia tovuti. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na shirika la KeNIC, na husajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa nalo. Biashara nyingi hutumia .co.ke, mashirika yasiyo ya kibiashara .or.ke, na taasisi za elimu ya juu .ac.ke. Jina halinunuliwi likawa la milele. Hulipiwa kwa kipindi maalumu, kwa kawaida mwaka mmoja, kisha malipo hufanywa upya.

Ya pili ni nafasi katika seva, kompyuta ambamo kurasa huhifadhiwa ili zipatikane saa zote. Nafasi hii pia hukodishwa, na inaweza kuhamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine bila kubadilisha jina.

Ya tatu ni kurasa zenyewe: maandishi, picha na programu inayoziendesha. Watayarishaji wengi hutumia programu ya WordPress, iliyoanza mwaka 2003 na ambayo hutolewa bila malipo. Kwa hiyo anayemlipa mtayarishaji hanunui programu hiyo, bali analipia ujuzi na muda wa kuipanga.

Kati ya sehemu hizo tatu, jina ndilo lenye thamani zaidi. Kurasa zikiharibika zinaweza kuundwa upya, na seva ikifungwa nyingine itapatikana. Jina likimponyoka mwenyewe, huenda asilipate tena.

Mteja anatafuta nini?

Kabla ya kumtafuta mtayarishaji, mwenye biashara anapaswa kujiuliza mteja wake huja kutafuta nini. Kwa mfano, anayeuza samani kando ya barabara ya Ngong, jijini Nairobi, huulizwa maswali yale yale kila siku: kitanda cha futi tano kwa sita ni pesa ngapi, kimeundwa kwa mbao gani, kitakamilika lini, na nani atagharimia usafiri. Tovuti inayojibu maswali hayo katika ukurasa wa kwanza, pamoja na nambari ya simu na maelekezo ya kufika, itamfaa kuliko ile iliyojaa historia ya kampuni na picha zinazorukaruka.

Wakenya wengi hutumia intaneti kupitia simu za mkononi na hulipia data wanayotumia. Picha moja iliyopigwa kwa simu na kuwekwa kwenye tovuti bila kupunguzwa inaweza kuwa na megabaiti tatu au zaidi. Kumi za aina hiyo humfanya mteja asubiri hadi achoke na kwenda kwa mwingine. Ndiyo maana tovuti inafaa kukaguliwa kwa simu ya bei nafuu, wala si kwa kompyuta ya mtayarishaji pekee.

Kumchagua mtayarishaji

Njia bora ya kumpima mtayarishaji ni kazi zake. Mwenye biashara aombe anwani za tovuti tatu zilizo hewani, azifungue mwenyewe, kisha awapigie simu wenye tovuti hizo. Maswali yawe mepesi: je, kazi ilikamilika kwa wakati? Hitilafu inapotokea, anajibu? Nani anashikilia nywila?

Mtayarishaji anayeahidi kwamba tovuti itakuwa ya kwanza katika Google aogopwe. Google yenyewe imeeleza kwamba hakuna awezaye kutoa hakikisho hilo. Vivyo hivyo, bei iliyo chini mno ichunguzwe, kwa maana rahisi ghali. Wakati mwingine kinachouzwa kwa bei hiyo ni nakala ya tovuti ya mtu mwingine iliyobadilishwa rangi.

Mkataba na malipo

Makubaliano yaandikwe, hata yakiwa ya ukurasa mmoja. Yataje idadi ya kurasa, nani ataandika maelezo na kupiga picha, tarehe ya kukamilisha, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Malipo yagawanywe: sehemu ya kuanzia, sehemu baada ya mfano kukubaliwa, na ya mwisho baada ya kukabidhiwa nywila zote.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zikikubaliana vinginevyo. Kwa hivyo kila kifungu kisomwe kabla ya sahihi kutiwa. Sheria hiyo, hata hivyo, haimpi mtu jina la tovuti lililosajiliwa kwa mwingine. Hilo sharti lisajiliwe tangu mwanzo kwa jina la biashara, kwa kutumia barua pepe na simu ya mwenyewe, wala si ya mtayarishaji au karani anayeweza kuacha kazi kesho.

Fedha za wateja pia zilindwe. Tovuti nyingi huonyesha nambari ya till ya Lipa na M-Pesa. Yeyote mwenye nywila ya tovuti anaweza kuibadilisha nambari hiyo, na wateja wakalipa kwingine bila kujua. Kazi inapokamilika, nywila zote zibadilishwe, na nambari hiyo ikaguliwe mara kwa mara.

Taarifa za wateja

Tovuti inayokusanya majina, nambari za simu au anwani za wateja inagusa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mteja ana haki ya kuelezwa ni kwa nini taarifa zake zinachukuliwa na zitatumiwaje. Kanuni za mwaka 2021 ziliondolea biashara nyingi ndogo, zenye mapato ya chini ya Sh5 milioni kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika kumi, wajibu wa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Hata hivyo, hazikuziondolea wajibu wa kulinda taarifa hizo. Lililo salama ni kutoomba kisichohitajika.

Baada ya uzinduzi

Tovuti ni kama shamba. Isipopaliliwa humea magugu. Bei zilizopitwa na wakati huzua ugomvi na wateja, nayo programu isiyosasishwa huwafungulia wezi mlango. Mwenye biashara atenge fedha za matunzo ya kila mwaka, ahifadhi nakala ya akiba ya kurasa zote nje ya seva, na aandike katika shajara yake tarehe ya kulipia jina.

Na kwa yule ambaye tayari ana tovuti, hajachelewa. Aiulize kampuni iliyosajili jina swali moja: limeandikishwa kwa nani? Jibu likiwa si jina lake wala la biashara yake, basi aombe marekebisho sasa, wakati yeye na mtayarishaji wangali wanasikizana.