Fomu ya Afya ya Chuo na Safari ya Sayyidna Umar



Ndugu zangu katika imani, kila mwaka vijana wetu wa Kasulu na Kibondo wanapopata nafasi za vyuo, iwe Chuo cha Ualimu Kasulu, uuguzi Kabanga au vyuo vya mbali, swali hili hurudi. Ndani ya maelekezo ya kujiunga kuna fomu ya afya ya kujazwa na daktari: damu, mkojo, choo, kifua. Wanaokwenda kusomea uuguzi na utabibu mara nyingi huulizwa pia chanjo ya homa ya ini. Mzazi anasema, "Sheikh, wanataka nini na damu ya mwanangu?"

Tuanze mbali kidogo. Yapata mwaka wa 18 Hijria, Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa njiani kwenda Sham. Alipofika Sargh, Abu Ubayda na maamiri wenzake wakamletea habari kwamba tauni imeingia huko. Umar hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, wakahitilafiana. Akawaita Answari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakasema kwa kauli moja arudi na watu. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akamjibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Allah na kwenda kwenye kadari ya Allah huyo huyo. Kisha akaja Abdurrahman bin Awf, ambaye hakuwapo kwenye mashauriano, akawapa hadithi ya Mtume (s.a.w.): penye tauni usiingie, na ikikukuta ndani usitoke kuikimbia. Umar akamhimidi Mola wake, akageuka.

Sehemu ya kwanza ya hadithi inamlinda msafiri. Ya pili inawalinda wale anaowaendea. Fomu ya chuo imo katika hiyo ya pili, kwa sababu mwanao atalala bweni moja na watoto wa watu.

Wapo wanaosema chanjo ni mambo ya makafiri. Ar-Razi alikuwa ameshaandika kitabu kizima cha ndui na surua zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Bibi Mwingereza Mary Wortley Montagu alikuta watu wa dola ya Uthmaniya wakiwakinga watoto na ndui kwa kuwatia usaha kidogo wa ndui hafifu. Mwaka 1718 akamkinga mwanawe wa kiume huko huko Istanbul, na mwaka 1721 akamkinga bintiye London. Mwaka huo huo wa 1721 mji wa Boston, Marekani, ulianza kinga hiyo kwa maelezo ya mtumwa Mwafrika aliyeitwa Onesimus, ambaye alikuwa amekingwa kwao. Jenner na chanjo yake alikuja 1796.

Na mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Oktoba 1977. Alikuwa akifanya kazi hospitalini, lakini sindano aliikwepa kwa kuogopa maumivu. Akapona. Miaka ya baadaye alizunguka kuwahimiza watu wachanje watoto polio, na mauti yalimkuta katika kazi hiyo mwaka 2013.

Hija nayo? Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji Makka. Mwaka 1987 ikawa homa ya uti wa mgongo, na tangu hapo Saudia inadai cheti cha chanjo yake. Mahujaji wetu wanakibeba pamoja na pasipoti, na sijasikia mzee wa Kigoma akiuliza Saudia inataka nini na damu yake.

Lakini tusiwacheke wenye mashaka. Miaka ya 1930, kwa sababu ya malale, serikali ya mkoloni iliwahamisha watu Kibondo kutoka makwao waliyotawanyika na kuwakusanya sehemu moja, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Babu zetu waliokwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga walipimwa kama wanafaa kwa kazi. Vipimo vile vilikuwa vya tajiri. Hofu ya aina hiyo hurithiwa.

Mwaka 2015 tuliona sura nyingine. Ndugu zetu wa Burundi walijazana Kagunga, ufukweni mwa Tanganyika, kipindupindu kikawaingia na kuwaua. Walipopelekwa Nyarugusu, chanjo ya matone ya kipindupindu ilitolewa kambini. Msongamano ndio ule ule, uwe wa hema au wa bweni.

Kinachonisumbua mimi ni muhuri wa kununua. Vijana wananiambia wazi: unatoa hela kidogo, fomu inajazwa "mzima" bila kupimwa hata tone la damu. Hiyo ni shahada ya uongo, tena imesainiwa. Kijana mwenye kifua kikuu asiyejijua ataingia bwenini na karatasi safi, akohoe usiku kucha juu ya wenzake wanane. Aliyeuza muhuri na aliyeununua wote wana sehemu yao.

Kina mama, kadi za kliniki msizitupe mtoto anapoanza shule. Chanjo ya homa ya ini aina ya B wanapewa watoto wachanga nchini tangu 2002, kwa hiyo wengi wa wanaoingia vyuoni leo waliipata. Ushahidi ndio umepotea. Aliyepoteza kadi, na wapo wengi, hasa familia zilizokimbia vita, amwambie daktari ukweli huo. Daktari ataangalia apimwe nini na achanjwe nini. Fomu ipelekwe hospitali mapema, si asubuhi ya kupanda basi.

Wallahu aalam.