Daftari la Maji: Historia ya Ramani za Bonde la Usangu

Mara nyingi tunapolitaja neno utamaduni, fikra zetu huenda kwenye ngoma, mavazi, hadithi na mapishi. Mambo hayo ni sehemu ya utamaduni wetu, wala hatuyadharau. Lakini utamaduni wa watu ni pamoja na namna wanavyoijua nchi yao, wanavyoyagawa maji yake, na wanavyokubaliana nani apite wapi na kwa wakati gani. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia ya daftari moja, nalo ni ramani ya bonde la Usangu, ambamo umo mji wetu wa Ubaruku, wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Tutaonyesha kwamba bonde hili limechorwa mara nyingi na mikono mingi, na kwamba dhiki imezuka pale mchoraji alipousahau msimu au alipomsahau mkazi.

Kwanza yafaa msomaji aijue nchi yenyewe. Usangu ni uwanda mpana ulio kiasi cha meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Kipengere na Uporoto. Milimani mvua ni nyingi, uwandani ni chache. Kwa hiyo uwanda huishi kwa maji ya kuletewa. Mito ya Ruaha Mkuu, Mbarali, Kimani, Chimala na Ndembera huteremka kutoka nyanda za juu mwaka mzima, na mito midogo mingi huongezeka wakati wa masika. Maji yakifika uwandani hupunguza mwendo, hutapakaa, na hatimaye hukusanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, nao ni mwamba wa Ng'iriama. Mwamba huo ni mfano wa kizingiti cha nyumba. Maji yakiwa juu yake, mto Ruaha huendelea na safari kupita katika hifadhi, kuingia mabwawa ya Mtera na Kidatu, hadi Rufiji na baharini. Yakiwa chini yake, hakuna tone livukalo, ijapokuwa kinamasi chenyewe bado kina maji.

Tena Ihefu haina ukubwa mmoja. Wakati wa masika hutanuka ikafunika mbuga pana. Wakati wa kiangazi hunywea ikabaki sehemu ndogo tu. Anayeichora mwezi wa Aprili na anayeichora mwezi wa Novemba watachora nchi mbili tofauti, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Jambo hili ndilo ufunguo wa historia yote inayofuata.

Wakazi wa kale walikuwa na ramani yao isiyoandikwa. Wasangu walifuga ng'ombe, walilima, waliwinda na kuvua samaki, na kila kazi kati ya hizo ilidai elimu ya mahali na elimu ya wakati. Mchungaji hakutosheka kujua malisho yako wapi; alipaswa kujua yanafikika lini. Mvuvi hakutosheka kulijua dimbwi. Alipaswa kujua maji yake yanaondoka mwezi gani. Hata hivyo tusiisifu zamani kupita kiasi. Katika karne ya 19 mipaka ya Usangu ilichorwa kwa mkuki. Wahehe walipopata nguvu walimwondoa Merere, mtawala wa Wasangu, akahamia Usafwa, na watu wake hawakurejea bondeni hadi miaka ya 1890, wakati Wajerumani walipokuwa wakipigana na Mkwawa.

Wageni nao walikuja na kalamu zao. Mwaka 1877 balozi mdogo wa Uingereza nchini Msumbiji, James Frederic Elton, alipita katika nchi ya Merere akaikuta katika vita vya Wasangu na Wahehe. Yeye mwenyewe alifariki Ugogo mwezi Desemba mwaka huo, na habari za safari yake zikachapishwa baada ya kifo chake. Kisha Wajerumani wakachapisha mjini Berlin ramani za koloni lao lote kwa kipimo cha 1 kwa 300,000. Ramani hizo zilikuwa kazi ya ustadi, lakini zilitengenezwa kwa haja ya mtawala, yaani njia za misafara na vituo vya askari. Hata majina yanatufundisha jambo. Jina la Ruaha linatokana na neno la Kihehe lenye maana ya mto. Kwa hiyo ramani isemapo "Mto Ruaha" inasema mto mara mbili. Jina liliandikwa, maana yake ikabaki midomoni mwa wenyeji.

Waingereza waliendeleza kazi hiyo kwa picha za ndege, na mwaka 1953 eneo la vinamasi vya Utengule likawekwa chini ya udhibiti wa uwindaji. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa kubwa juu ya bonde zima la Rufiji. Taarifa hiyo iliutazama uwanda wa Usangu kama ardhi ya kumwagiliwa maji. Hapo ramani ilianza kusema lugha mpya. Haikuonyesha tu kilichopo, bali kile kinachoweza kufanywa.

Taifa changa lilihitaji chakula na nguvu za umeme, na Ruaha ilitakiwa kutoa vyote viwili. Kituo cha Kidatu kilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na bwawa la Mtera likafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kulihifadhia maji. Huku kwetu, katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, lilijengwa Shamba la Mpunga la Mbarali, lenye zaidi ya hekta 3,000. Baadaye likaja shamba la Kapunga. Pembeni mwa mashamba ya Taifa wakulima wadogo walijifunza, wakachimba mifereji yao na kujenga mabanio ya mawe na miti. Wafugaji wa Kimasai, Kisukuma na Kitaturu walikuja kutafuta malisho, na wakulima wakatoka mikoa mingi. Ubaruku ilikua kutokana na mkusanyiko huo. Mpunga wa majaruba yake, mashine zake za kukoboa na magari yanayobeba mchele ni ushahidi wa mchanganyiko wa watu ambao hakuna ramani ya zamani iliyoutabiri.

Mwishoni mwa mwaka 1993 jambo la kutisha lilitokea. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukipita katika hifadhi mwaka mzima, ulikauka. Viboko walijazana katika madimbwi yaliyobaki, na tangu hapo kukauka kwa kiangazi kukawa desturi. Katika miaka hiyo hiyo nchi ilipata mgao wa umeme. Watu walitafuta wa kulaumiwa, na kidole kikaelekezwa zaidi kwa mfugaji: ng'ombe wake wanakanyaga kinamasi, ng'ombe wake wanakunywa mto. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya Ihefu ikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Usangu.

Kati ya mwaka 1998 na 2001 mradi uliofadhiliwa na Uingereza, uliojulikana kwa kifupi kama SMUWC, ulifanya kazi ambayo haikuwahi kufanywa kabla. Wataalamu walichora ardhi, mimea, mifereji na vijiji, wakapima maji ya mito kwa misimu. Matokeo yake hayakulingana na lawama zilizozagaa. Iligundulika kwamba sababu kubwa ya mto kukauka ilikuwa maji yanayochepushwa kwenye mabanio wakati wa kiangazi, kabla hayajafika Ihefu. Maji kidogo yalipoingia kinamasini, kina kilishuka chini ya kizingiti cha Ng'iriama, na mto ukakatika. Watafiti wengine walionyesha kwamba hata upungufu wa maji Mtera ulihusiana pia na namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa. Ilionekana vilevile kwamba mifereji iliachwa wazi kiangazi hata pale ambapo shambani hapakuwa na zao, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kisima cha wanakijiji, ambako walichota maji ya kunywa na kufulia. Kumbe aliyefungua banio hakuwa mharibifu, bali mama mwenye ndoo.

Hata hivyo, ramani iliyochorwa vizuri haisomwi na kila mtu kwa wakati unaofaa. Mwaka 2006, wakati wa ukame na mgao mkali wa umeme, ilianza operesheni ya kuwahamisha wafugaji na mifugo yao kutoka Ihefu, wengi wao wakipelekwa mikoa ya Lindi na Pwani. Malalamiko yalikuwa mazito hata mwaka 2007 ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mohamed Chande Othman. Mwaka 2008 Pori la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hifadhi hiyo ikafikia kilometa za mraba zipatazo 20,000. Mpaka mpya uliwakuta watu majumbani mwao na mashambani mwao, ukazaa mgogoro wa miaka kumi na mitano. Mwaka 2023 Serikali ilitoa tangazo jingine la kuurekebisha, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikasimamisha fedha za mradi mkubwa wa kuendeleza hifadhi za kusini, kufuatia malalamiko ya wakazi wa pembezoni mwa hifadhi.

Kapunga nako palitokea funzo la namna hiyo. Shamba la Taifa lilipouzwa mwaka 2006, hati yake ilionyesha hekta 7,370, na ndani ya hesabu hiyo zilikuwamo hekta 1,870 za kijiji cha Kapunga. Kwa hiyo wanakijiji waliamka wakiwa, kwa mujibu wa karatasi, wamo katika ardhi ya mtu mwingine. Iliwachukua miaka mingi ya kudai kabla Serikali haijaamua kuwarudishia ardhi yao. Mstari huchorwa kwa saa moja, lakini kuufuta kwaweza kumaliza umri wa mtu.

Je, hakuna namna nyingine? Ipo, na imeonekana humu humu bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaalamu Mwingereza Bruce Lankford na wenzake walileta Usangu mchezo wa bonde la mto. Ni ubao mrefu ulioinamishwa, gololi za kioo zikiwa ndiyo maji, vijiti vidogo vikiwa mabanio, na vishimo vikiwa majaruba. Wakulima wa juu na wa chini walicheza pamoja. Wa juu walipoweka vijiti vyao, walizikamata gololi nyingi, na wa chini wakabaki mikono mitupu mbele ya macho ya wote. Ndipo mazungumzo yalipoanza juu ya zamu na juu ya kufunga mabanio. Ubao ule ulikuwa ramani, lakini ramani ambayo kila mtu aliweza kuigusa na kuihoji. Jumuiya za watumia maji, ambazo Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inazitambua, zina mizizi katika mazungumzo ya namna hiyo.

Wala jambo hili si la maji peke yake. Huko Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, wenye hekta zipatazo 9,000, ulikusudiwa kufanywa msitu wa hifadhi wa Serikali, na wapimaji walikwisha kufika. Wanavijiji walikataa. Badala ya kuwalazimisha, wakuu wa misitu walikubali vijiji vinane viugawe msitu kwa mipaka wanayoielewa wenyewe, viweke sheria ndogo na walinzi wao. Kuanzia mwaka 1994 wenyeji walichora na kulinda, na msitu ukaanza kurejea. Mfano huo ulisaidia kuizaa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Historia hii haitufundishi kuichukia ramani, wala kuidharau elimu ya wapimaji. Bila vipimo vya wataalamu tungali tunaulaumu upande usiohusika. Haitufundishi pia kwamba kila mtu aachwe ajitwalie atakavyo, maana Ruaha ikikatika Ng'iriama haikauki kwa wanyama peke yao. Maji hayo hayo ndiyo yanayongojewa Mtera na Kidatu, na huko Rufiji liko Bwawa la Julius Nyerere. Ubaruku haina haki ya kuyanywa yote. Wala wa mbali hawana haki ya kuisahau Ubaruku.

Linalotupasa ni kuirejesha ramani katika utamaduni, yaani katika makubaliano ya watu. Ofisi ya kijiji haina budi iwe na ramani ya ardhi yake ukutani, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kwa majina yanayotumiwa na wakazi. Ionyeshe masika na kiangazi, si msimu mmoja tu. Ionyeshe mahali ambapo mama huchota maji, ili atakayefunga banio kwa ajili ya mto ajue kwanza amchimbie kisima. Na kabla mpaka haujatangazwa, mkulima, mfugaji na mvuvi wautembee kwa miguu pamoja na mpimaji, kila mmoja aseme anachokijua. Hapo ndipo daftari letu litakapokuwa na habari zote, na mali iliyoandikwa humo haitapotea.